Jicho la Ishara Ndani ya Chipu

Ukizilaza biti nyingi moja juu ya nyingine kwenye kioo cha osiloskopu, uwazi unaobaki katikati ndio jicho la ishara. Kimo chake ni nafasi ya volti, upana wake nafasi ya muda. Katika PCIe 5.0 biti moja hudumu pikosekunde 31 hivi, na njia ikiwa ndefu jicho hufika limefumba. Hufunguliwa na saketi za kusawazisha ndani ya chipu, mahali ambapo waya wa osiloskopu haufiki.

Ritaima, chipu inayokaa katikati ya njia ikisoma kila biti na kuituma upya, hujipima yenyewe. Kando ya kisomaji kikuu kuna cha pili, ambacho husogezwa kidogo kidogo: juu, chini, mapema, baadaye. Kila kinapotofautiana na kikuu, huhesabiwa. Data yenyewe haiguswi.

Ninalosisitiza mimi ni subira. Ukipima sekunde moja, jicho huonekana pana kuliko lilivyo, kwani makosa adimu hayajapata muda wa kutokea. Kuthibitisha kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kosa halizidi moja katika biti trilioni, zipite biti trilioni 3 bila kosa: sekunde 94, kwa nukta moja! Ramani ya nukta 64 kwa 64 ingekula zaidi ya siku 4. Basi hupimwa karibu na kingo, makosa yanakojitokeza upesi, kisha hukadiriwa kuelekea ndani.

Na kwa kuwa ritaima hutuma ishara mpya, jicho zuri mwishoni mwa njia halielezi kipande kilichotangulia. Hicho kipimwe kwenye ritaima yenyewe.