GARI LA UMEME NA FUNDI WAKE
Somo la kujadiliwa katika matawi: madereva na mafundi wa Kampala



Madereva wetu wa spesho wanauliza habari za magari ya umeme, na sababu inajulikana. Dereva hununua petroli kwanza, ndipo afikirie chakula cha watoto. Petroli hiyo hutoka ng'ambo, lakini umeme wetu hutoka katika maji ya Nile. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Bujagali lilifuata mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, na Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa rasmi mwaka 2024.

Kwa hiyo swali la wanachama ni la haki. Je, tukikopa katika chama chetu cha akiba, tukaagiza gari la umeme lililokwisha kutumika Japani, tutafaidi?

Jibu letu ni kwamba faida yaweza kupatikana, lakini gari hilo haliji na fundi wake. Anayeagiza gari peke yake, bila kujua nani atalitengeneza, anaweka akiba yake yote mahali asipoweza kuilinda. Somo hili laeleza kwa nini, na nini kifanyike.

1. Gari lisilo na mwenyewe

Kiwanda kinapouza gari katika nchi kwa njia ya wakala wake, huleta pamoja nalo vitu vinne: spea, vyombo vya kupimia, mafunzo ya mafundi, na dhamana. Gari lililonunuliwa mnadani Japani na kupitishwa Mombasa hadi bondi ya Kampala haliji na hata kimoja.

Hali hii si ngeni kwetu. Tumeendesha Toyota za mitumba kwa miaka mingi, na tumezoea redio ya Kijapani isiyoshika baadhi ya stesheni zetu. Lakini yafaa tukumbuke jinsi Toyota zilivyopata mafundi. Zilikuja nyingi, za aina moja. Vijana wa Kisekka, Ndeeba na Katwe wakazifungua, wakazifunga, wakajua kila nati. Gari bovu likawa ghala la spea za gari zima. Wingi wa magari ndio uliozaa ujuzi.

Gari la umeme latofautiana na Toyota hizo kwa mambo matatu. Kwanza, ugonjwa wake mara nyingi hausikiki kwa sikio wala hauonekani kwa macho. Umeandikwa ndani ya kompyuta ya gari. Pili, sehemu kubwa ya thamani yake imo katika kitu kimoja, yaani betri. Tatu, kosa la fundi laweza kumwua papo hapo.

2. Betri na hesabu yake

Tuchukue mfano wa Nissan Leaf, gari la umeme linalopatikana kwa wingi katika mitumba ya Japani. Lilianza kuuzwa Desemba 2010. Betri ya kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 24. Kilowati-saa moja ni sawa na uniti moja ya Yaka, kwa hiyo betri hiyo ilibeba uniti 24 ilipokuwa mpya. Baadaye zilitoka za uniti 30, kisha 40.

Betri huchoka hata kama gari linang'aa. Katika dashibodi ya Leaf kuna vipande 12 vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri. Vikibaki 9, betri imebakiwa na kama asilimia 70 ya nguvu zake.

Sasa tupige hesabu. Tuseme betri ya uniti 24 imebakiwa na uniti 16. Gari la namna hii hula kama uniti 15 hadi 17 kwa kilomita 100, na vilima vyetu pamoja na abiria wanne huongeza. Dereva basi ana kilomita kama 100. Kutoka Kampala kwenda Entebbe na kurudi ni kilomita kama 80: atafika na kurudi. Jinja ni kama kilomita 80 kwa safari moja: atafika, lakini hatarudi bila kuchaji. Masaka ni kama kilomita 130: atalala njiani. Dereva anayepata riziki yake kwa safari ndefu asidanganywe na kilomita zilizoandikwa gari lilipokuwa jipya.

Kuchaji nako kuna hesabu yake. Soketi ya nyumbani ya volti 240 ikitoa ampea 10, hutoa uniti 2.4 kwa saa. Kujaza uniti 16 ni saa saba hadi nane, yaani usiku mzima. Umeme ukikatika usiku, kesho hakuna kazi. Vituo vya kuchaji haraka visitegemewe kabla ya kuvipima, kwa kuwa Leaf hutumia plagi ya Kijapani ya CHAdeMO, na vituo vingi vipya duniani vinajengwa kwa plagi nyingine.

3. Yaliyowapata wengine

Mwaka 2012, katika jimbo la Arizona huko Marekani, wenye Leaf walilalamika kwamba betri zao zinachoka upesi kwa joto kali. Betri ya Leaf hizo haina maji ya kuipoza. Kiwanda kiliongeza dhamana ya uzima wa betri kwa wanunuzi wa huko. Sisi tuna nafuu ya hali ya hewa, maana Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Lakini hatuna dhamana. Dhamana hutolewa kupitia mawakala wa nchi gari lilikouzwa, haimfuati mnunuzi wa mtumba Uganda.

Funzo la pili latoka New Zealand, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi na kununua magari mengi yaliyotumika Japani. Wenye Leaf walikusanya vipimo vya magari yao pamoja. Mwaka 2018 vipimo hivyo vilionyesha kwamba betri za uniti 30 zinashuka haraka kupita kiasi. Baadaye ikajulikana kwamba kosa lilikuwa hasa katika programu inayopima betri, na kiwanda kikatoa programu mpya. Angalieni jambo hili: mtu mmoja peke yake angeweza kuuza gari zima kwa bei ya chuma chakavu. Daftari la pamoja ndilo lililofunua ukweli.

Funzo la tatu ni la jirani. Mwaka 2018 Nairobi ilianza huduma ya teksi za umeme iliyoitwa NopeaRide, ikitumia Nissan Leaf na chaja ilizojiwekea yenyewe. Basi magari hayo yaliweza kufanya kazi ya teksi katika mji wa Afrika Mashariki. Lakini huduma hiyo ilifungwa mwaka 2022, kampuni mama iliyokuwa Finland ilipoishiwa fedha. Chaja na magari vikiwa mikononi mwa tajiri mmoja aliye mbali, siku akianguka dereva huanguka naye.

4. Usalama wa fundi

Hapa twasema na mafundi hasa. Betri kubwa ya Leaf ina nguvu ya kama volti 360, tena za mkondo usiogeuka. Waya za nguvu hiyo ni za rangi ya machungwa. Asiyefundishwa asizifungue wala kuzikata.

Fundi aliyefundishwa hufuata utaratibu. Huzima gari na kuweka ufunguo mbali. Huvua saa, pete na mkufu. Hutenga betri ndogo ya volti 12. Huvaa glavu za mpira za mafundi umeme zilizopimwa kwa volti 1,000, ndipo achomoe plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa. Husubiri dakika zisizopungua 10 ili umeme uliobaki utoke, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa. Hafanyi kazi hii peke yake kamwe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe mafunzo na vifaa vya kujikinga, na gharama ni yake. Mwenye gereji anayepokea magari ya umeme bila kununua glavu anapata faida kwa kuhatarisha roho ya kijana wake.

5. Kabla ya kulipa

(a) Angalia umri. Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilikataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Leaf za kwanza zimekwisha kufikia kikomo hicho.

(b) Dai kipimo cha betri kilichochukuliwa kwa kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta ya gari, pamoja na picha ya dashibodi. Vipande peke yake havitoshi; wako wauzaji wanaojua kuvirudisha vionekane vimejaa.

(c) Agiza kwamba gari lisafirishwe betri ikiwa karibu nusu, wala si kavu wala si tele. Likifika na kukataa kuwaka, pima kwanza ile betri ndogo ya volti 12.

(d) Usikate plagi ya waya wa kuchajia wa Kijapani ili ufunge ya kwetu. Waya huo umetengenezewa volti 200. Nunua unaofaa volti 240, na fundi umeme mwenye leseni apime soketi na waya wa ardhini nyumbani kwako.

(e) Pata hesabu ya kodi kutoka URA kwa maandishi, siyo kutoka kinywani mwa dalali.

(f) Mkopo usiishi kuliko betri. Ikiwa betri yaweza kubaki na kazi ya miaka mitatu, usikope kwa miaka mitano. Tena spea yake si kama giaboksi: betri za lithiamu zikisafirishwa peke yake huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari na zina masharti makali.

6. La kufanya kwa pamoja

Mahali ambapo kiwanda hakipo, wafanyakazi wenyewe wanaweza kuziba sehemu kubwa ya pengo, ila si mmoja mmoja. Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, wanachama wanaoagiza wakubaliane juu ya aina moja ya gari. Magari kumi ya aina moja yatazaa fundi. Magari kumi ya aina kumi yatazaa wateja wa kudanganywa.

Pili, tawi linunue kifaa cha kusomea, mita na jozi za glavu, viwe mali ya wote.

Tatu, chama kidai mafunzo ya jioni kwa mafundi walioko kazini. Ujuzi upo hapa hapa. Makerere ilionyesha gari lake la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Chuo cha ufundi cha Nakawa kilianzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Japani, nchi ile ile yanakotoka magari haya.

Nne, liwepo daftari moja la tawi. Kila gari liandikwe kilomita, uzima wa betri na kila hitilafu, mwezi kwa mwezi, na kila mwenye gari atenge akiba ya betri. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na maarifa ambayo hakuna dalali atakayetuuzia.

Maswali ya majadiliano

1. Dereva wa tawi lako huenda kilomita ngapi kwa siku? Betri ya uniti 16 yamtosha?
2. Katika gereji unayofanya kazi, nani amefundishwa kazi ya volti 360? Glavu ziko wapi?
3. Ni aina gani moja ya gari ambayo tawi laweza kukubaliana?
4. Nani atatunza daftari, na nani atamkagua?

Majibu ya matawi yaandikwe na kuletwa kwa katibu.