TUTENGENEZE NYUMBA ZETU MBELE YA KILIO

Masomo: Isaya 38:1-5, Hesabu 27:1-11, Luka 12:13-15



Leo tunajifunza juu ya urithi. Wengi kati yetu hawapendi neno hili. Wanasema: "Mwenye kuandika urithi wake anaita kifo." Lakini tuangalie mfalme Hezekia. Nabii Isaya alimletea habari ya kwamba atakufa, na kwamba aweke mambo ya nyumba yake vizuri. Hezekia alilia, akaomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Basi kutengeneza nyumba si kukosa imani. Agizo hilo lilitoka katika kinywa cha nabii.

Sisi wa Kalehe tumeona kwa macho. Tarehe 4 Mei 2023 maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi miili yao haikuonekana. Nyumba zilikwenda pamoja na karatasi zilizokuwa ndani. Nyuma ya kilio kama hicho maulizo yanaanza: Shamba ni la nani? Huyu mama aliolewa kweli? Huyu mtoto anajulikana wapi? Mwenye kujua majibu yuko chini ya udongo.

Inchi yetu iko na Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyogeuzwa sehemu kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Tushike mambo haya:

1. NDOA. Baraka ya kanisa ni kubwa mbele ya Mungu, lakini peke yake haifanyi ndoa mbele ya serikali. Ndoa ya desturi, mahari ikiisha kutolewa, inapaswa kuandikishwa kwa eta sivile. Hapa sisi mashemasi tunakubali kosa letu: tumebarikia ndoa nyingi bila kuuliza karatasi. Siku ya kifo, mama anafukuzwa na shemeji, na sisi hatuna cha kumsaidia isipokuwa machozi.

2. WATOTO. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Aliyezaliwa inje ya ndoa, baba amkubali kwa eta sivile angali muzima. Akifanya hivyo, mtoto huyo anarithi sawa na wengine. Baba anayeficha mtoto anaacha vita ndani ya nyumba.

3. KUGAWA. Mali ya marehemu, robo tatu (3/4) ni ya watoto wake, kijana na binti sawasawa. Robo inayobaki (1/4) ni ya mke ao mume aliyebaki, wazazi, na ndugu za marehemu. Tusiseme hii ni desturi ya wazungu. Binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa na kuomba sehemu ya baba yao, na Bwana alisema wana haki.

4. MJANE. Yeye si kitu cha kugawa pamoja na mbuzi. Sheria inamwachia kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana yake, kutumia vyombo vyake, na kutumia nusu ya shamba la karibu na nyumba lile walilolima. Watoto ndio wenye mali, lakini hawawezi kumtosha mama yao.

5. TESTAMENTI. Unaweza kuiandika mwenyewe: yote kwa mkono wako, na tarehe, na sinyatire yako. Lakini huwezi kuitumia ili kunyima watoto sehemu yao. Maneno ya mgonjwa wa kufa mbele ya mashahidi wawili wakubwa yanakubaliwa pia, lakini kwa mambo machache tu.

6. WALIOPOTEA. Mtu akipotea katika hatari kama ile ya Nyamukubi na mwili hauonekane, tribunali inaweza kutangaza kifo chake kwa hukumu. Jamaa lisikae miaka likingoja.

7. SHAMBA. Mashamba mengi yetu ni ya kalinzi. Ushahidi wa ng'ombe iliyotolewa uko katika vinywa vya wazee, na wazee wanaondoka. Andika mipaka, majina ya majirani, na majina ya mashahidi. Kopi moja ikae kwako, ingine kwa ndugu mwaminifu anayeishi mbali na mto.

Mtu mmoja alimwomba Yesu amgawie urithi na ndugu yake, na Yesu alikataa kazi hiyo, akaonya juu ya tamaa. Basi tusimsumbue nabii atafute katika maono jambo ambalo baba angeweza kuandika kwa kalamu. Wasiosikilizana waende kwa tribunali ya amani. Ndiyo yenye kazi ya kukata maneno ya jamaa na ya urithi.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA NYUMBA
1. Ndoa yetu imeandikishwa?
2. Kila mtoto wetu ana cheti cha kuzaliwa?
3. Nikifa usiku wa leo, mke wangu anajua mashamba yetu na madeni yetu?

Aliye na jibu la "hapana" aanze juma hili. Mashemasi wako tayari kumsindikiza.

Bwana alinde wajane na yatima wetu. Amina.