Kucha Zikiingia Weusi, Usiache Dawa

Mtu anayemeza ARV, yaani dawa za VVU, akiona kucha zake zinabadilika rangi, mara nyingi hofu yake ya kwanza si ugonjwa, ni macho ya watu. Huku kwetu Karusandara, wilayani Kasese, Uganda, mikono haifichiki: ndiyo inayopalilia mahindi, ndiyo inayokamua ng'ombe, ndiyo inayopokea chenji sokoni. Wapo wanaoona heri kuacha dawa kimyakimya kuliko kuulizwa maswali. Tumewaandikia wao, pamoja na jamaa wanaoishi nao.

Weusi wa kucha

Dawa inayojulikana zaidi kwa kutia kucha weusi ni zidovudini, yaani AZT. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na kwa miaka mingi Waganda wengi walianza matibabu nayo. Siku hizi wengi huanza na kidonge kimoja cha TLD, chenye dolutegraviri, ambacho Uganda ilianza kukitoa 2018. Hata hivyo AZT ingalipo, hasa kwa waliobadilishiwa dawa baada ya zile za kwanza kushindwa kazi. Kwa hiyo soma maandishi ya kopo lako, au mwombe muuguzi akusomee.

Weusi wenyewe huja wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza dawa. Utaona mistari ya kahawia, ya buluu au myeusi inayotoka kwenye shina la ukucha hadi nchani. Wengine ukucha mzima huwa kama umechovywa wino. Hutokea zaidi kwetu sisi watu weusi, kwa sababu dawa huchochea chembe zinazotengeneza rangi ya mwili. Hauumi, hauwashi, haumwambukizi mtu. Si sumu iliyojaa mwilini, wala hujalogwa. Hata ukibadilishiwa dawa, ukucha wa mkono hukua milimita 3 hivi kwa mwezi, basi ngoja kama nusu mwaka usafike. Wa mguu huchukua mwaka au zaidi. Anayetaka kupaka rangi ya kucha apake, haigombani na dawa.

Ukitaka kuogopa kitu katika AZT, ogopa upungufu wa damu. Ukichoka kupita kawaida, ukahema kwa kazi ndogo na moyo ukaenda mbio, nenda ukapimwe damu.

Si kila ukucha uliobadilika ni kazi ya ARV. Mstari mmoja mweusi kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka au kumwagikia kwenye ngozi, uonwe na daktari, kwani unaweza kuwa saratani. Ukucha mnene unaomeng'enyeka mara nyingi ni fangasi, na anayeshinda miguu majini kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku anaufahamu vizuri. Pembeni kukivimba na kutoa usaha, hayo ni maambukizi, nayo yana tiba yake.

Upele na muwasho

Vipele vinavyowasha mikononi na miguuni huwa vinasingiziwa dawa. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa 2004 ulionyesha kwamba vingi ni mwili wenye VVU unavyopokea kuumwa na wadudu. Lala ndani ya chandarua, vaa mikono mirefu jioni, na endelea kumeza: kinga ikipanda, hupungua. Mkanda wa jeshi nao unaweza kuzuka miezi ya mwanzo ya matibabu, kinga inapoamka.

Upele wa dawa kweli upo. Septrini (kotrimoksazoli) huuleta, ARV iitwayo nevirapini pia, na kwa kawaida huja ndani ya wiki chache za kwanza. Ukiwa mwepesi, hupoa. Lakini ukija na homa, malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu au ya manjano, uso kuvimba au ngozi kubabuka, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo kituo cha afya, au hospitali iliyo karibu nawe, iwe Kilembe, Kagando au Bwera. Beba makopo yote, pamoja na Septrini na dawa za kienyeji unazokunywa. Tabibu ndiye atakayesema ipi isimamishwe, na iliyokudhuru hivyo usiijaribu tena, hata kwa kuazima kwa jirani.

Krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa bila maelezo tunazikataa waziwazi. Nyingine zina steroidi kali, na anayetumia ARV yenye ritonaviri, mwili wake hushindwa kuziondoa upesi. Vaseline ya kawaida na sabuni isiyo kali zinatosha ngozi kavu.

Ukiacha ARV, virusi hurudi kuongezeka ndani ya wiki chache, na dawa ileile inaweza isikufae tena. Kwa hiyo kabla ya kuruka hata kidonge kimoja, mwonyeshe muuguzi mikono yako, au mwambie mhudumu wa afya wa kijijini (VHT). Mwombe muuguzi pia ajaze fomu ya madhara ya dawa iende NDA, mamlaka ya dawa ya taifa. Kujaza fomu hiyo ni sehemu ya kazi yake, na wewe hulipi kitu.