SOMO LA ROBO HII: Abiria Mwenye Hofu na Dereva Mwanamke wa Pikipiki



Katika toleo hili tumeona tujadili jambo dogo ambalo halimo katika ripoti za miradi, lakini mara nyingi ndilo linaloamua kama mradi utawafaa walengwa. Pikipiki imeletwa, dereva ni mama wa kijiji hicho hicho, ana leseni na amefundishwa. Siku ya kliniki inafika, na bibi mwenye shinikizo la damu anasema, "Nendeni tu wanangu, mimi nitatembea." Kutembea kwenyewe ni kilomita kumi na nne za mchanga, kwa hiyo mara nyingi maana yake ni kwamba haendi.

Tusiiite hofu hiyo ujinga. Biashara ya bodaboda ilipewa kanuni zake za leseni mwaka 2010, na tangu hapo karibu kila kijiji kina mtu aliyevunjika mguu. Watu wameona mshikaki wa abiria watatu. Wengine wamepakiwa na kijana ambaye, akisikia abiria anapiga kelele, anacheka na kuongeza mafuta. Aliyepata hayo mara moja hasahau, na maneno ya "usiogope mama" hayamsaidii chochote.

Dereva mwanamke ana mzigo wa pili. Abiria anamtazama na kuuliza, "Utaiweza?" Wanawake juu ya pikipiki si jambo geni Tanzania. Mwezi Aprili 2022 Serikali ilizindua Dodoma ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, mabibi shamba wakiwemo, na kule Mwanza karakana ya Pikilily imekuwa ikiwafundisha akina mama ufundi na usalama barabarani. Hata hivyo kwa bibi yetu hayo ni mambo ya mbali. Tunawashauri madereva wetu wasikasirike kwa swali hilo, na zaidi wasilijibu kwa mwendo wa kasi.

Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu inaanzia kwenye namna ya kukaa. Abiria wengi wanawake hukaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja umeshika karia. Wanafanya hivyo kwa sababu ya gauni, na pia kwa sababu wanaona haya kumshika kiuno mwanamume wasiyemjua. Mtu aliyekaa hivyo kweli anateleza kila pikipiki inaposhika kona. Hofu yake ni ya haki kabisa! Akiwa na dereva mwanamke, haya hiyo huisha. Anavaa suruali ndani ya kitenge, anakaa kwa kutanua miguu, kila mguu kwenye kikanyagio chake, anashika kiuno cha dereva na kubana kwa magoti. Faida kubwa ya dereva mwanamke tunaiona hapo, wala hatusemi kwamba wanawake hawaanguki. Asishike mabega, maana kuvuta mabega ni kuvuta usukani. Apandie upande wa kushoto, kwa sababu kwa pikipiki nyingi za kwetu bomba la moshi liko kulia, na makovu ya ndama za miguu tunayaona kila siku. Ncha za kanga na kitenge zifungwe vizuri kabla ya kuondoka. Nguo ikinaswa na tairi au mnyororo itawaangusha wote wawili.

Kofia ngumu (vijana wanaiita elementi) sheria inawataka wote wawili waivae. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba inampunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe imefungwa mkanda. Abiria wanaikataa kwa sababu ya harufu ya vichwa vya wengine, na hatuwezi kuwalaumu. Kitambaa safi chini ya kofia kinamaliza tatizo hilo. Wafadhili wetu tunawaomba jambo moja hapa: mnapochangia pikipiki, ije na kofia mbili.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Abiria anaona mgongo wa dereva, haoni barabara, na hana breki. Kila tuta linamjia kwa ghafla. Hivyo basi dereva ampe vitu viwili, habari na mamlaka. Habari ni kusema mapema: "Mbele kuna tuta, napunguza." "Kona ya kushoto, tazama juu ya bega langu la kushoto." Abiria anayetazama upande huo hulala pamoja na pikipiki, aliyeogopa hujivuta upande wa pili, na hapo dereva hupata kazi kweli.

Mamlaka ni kumpa abiria alama. Wakubaliane kabla ya kuwasha: kugonga kiuno mara moja ni kupunguza mwendo, mara mbili ni kusimama. Kisha wazunguke uwanja wa kanisa au wa shule polepole.

"Shikamoo bibi. Nigonge mara mbili tuone."

"Marahaba mwanangu. Haya." Na pikipiki inasimama pale pale.

Bibi akishaona kwamba mkono wake unasimamisha pikipiki, mabega yake hushuka. Dereva atii alama hiyo kila mara, hata kama haoni sababu, na asiulize "kuna nini tena?" Akipuuza mara moja tu, amempoteza abiria huyo, na pengine ukoo mzima. Ndiyo maana tunapendekeza kila mwanafunzi wa udereva apakiwe nyuma na mwenzake siku nzima kabla hajampakia mtu. Wengi hushangaa kuona jinsi wao wenyewe wanavyoogopa.

Mkoa wetu una mambo yake. Singida ni ya upepo, hata wataalamu wa umeme wa upepo wameitupia macho kwa miaka mingi. Kwenye lami ya kwenda Manyoni au Nzega, lori likipita pikipiki hutikisika. Abiria aambiwe kabla lori halijafika, si baada. Kwenye mchanga mwingi ashuke atembee hatua chache, na dereva aseme mwenyewe, "Hapa bibi tushuke," ili isionekane ni woga wa abiria. Wakati wa mvua, korongo lenye maji yanayokwenda halivukwi, kliniki ingoje.

Tusiwe pia watu wa kuona pikipiki inafaa kwa kila jambo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa au anayetoka damu hapaswi kubebwa hivyo. Kwa ajili yake na kwa mtoto mchanga ipo namba 115, isiyo na malipo, ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Tunaomba kila kamati iandike namba hiyo kwenye ubao wa matangazo.

Mwisho kuna safari ya kurudi, ambayo kamati nyingi huisahau. Abiria amechoka, jua ni kali, na dereva ana haraka ya kupika nyumbani kwake. Mwendo huongezeka hapo, na kazi yote ya asubuhi huharibika. Makubaliano ya asubuhi yarudiwe mlangoni pa zahanati, pamoja na kugonga mara mbili. Abiria akisema atatembea kipande cha mwisho, dereva amshushe kwa amani, na amuulize kama wiki ijayo ampitie.