DIFU NDIYO HUAMUA: HESABU YA MIZUNGUKO YA INJINI KATIKA DATSUN 240Z



Kuna ubishi usiokwisha darasani mwetu wakati wa mapumziko. Mmoja hushikilia kwamba gari linalonguruma sana ndilo lenye mbio. Mwingine humjibu, la, mbio ziko kwenye gia. Wa tatu, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu, husema tubishane mpaka jioni lakini jambo lenyewe halielezeki kwa Kiswahili, ati hesabu za injini ni za Kiingereza. Hebu tujaribu, halafu kila mtu ajionee.

Gari nililolichagua ni Datsun 240Z, gari dogo la michezo lenye viti viwili ambalo kampuni ya Nissan ya Japani ilianza kuliuza mwaka wa 1969. Hapa kwetu wazee hawajalisahau. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka wa 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Injini yake ina silinda 6, ujazo wake ni sentimita za ujazo 2393, na nguvu yake ya juu kabisa hupatikana inapozunguka mara 5600 kwa dakika. Ishikeni hiyo 5600, tutaihitaji.

Sasa, nguvu husafirije? Hutoka kwenye injini, hupita klachi, huingia giaboksi, kisha hufuata propela chini ya gari mpaka kwenye difu iliyo nyuma. Ndani ya difu mna gia mbili zilizoumana: pinieni, ambayo ni ndogo na huzungushwa na propela, na krauni, ambayo ni kubwa na huzungusha magurudumu. Magari ya 240Z yaliyouzwa Marekani yalikuwa na pinieni yenye meno 11 na krauni yenye meno 37. Gawanya 37 kwa 11, utapata 3.364. Maana yake, propela huzunguka mara 3.364 ndipo gurudumu lizunguke mara moja tu.

Baiskeli hufanya kinyume. Pale gia kubwa iko kwenye pedeli na ndogo iko nyuma, kwa hivyo mguu ukizungusha mara moja gurudumu huzunguka zaidi ya mara moja. Mguu una nguvu lakini hauna mbio. Injini ina mbio nyingi lakini nguvu yake ya kuzungusha ni kidogo, ndiyo maana hupunguziwa mizunguko ili iongezewe nguvu. Waliosoma mada ya mashine katika Fizikia wataona ni jambo lile lile: ukipata hapa, umetoa pale.

(Kwa wapenda hesabu: 11 na 37 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Si bahati. Kwa sababu hiyo kila jino la pinieni hukutana na kila jino la krauni kwa zamu, na meno hulika sawasawa. Kama yangekuwa 12 na 36, jino lingekuwa likirudia yale yale matatu maisha yake yote, na jino bovu lingeyaharibu hayo hayo.)

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua mizunguko ya injini, igawe kwa uwiano wa gia, kisha igawe tena kwa uwiano wa difu. Hapo umepata mizunguko ya gurudumu. Zidisha kwa mzingo wa tairi, nawe utajua umbali.

Tairi la 240Z lina mzingo wa mita 2 hivi. Katika gia ya nne propela huzunguka sawa na injini, yaani uwiano ni 1. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, gurudumu litazunguka mara 3000 ÷ 3.364, yaani 892. Hiyo ni mita 1784 kwa dakika, au kilomita 107 kwa saa. Katika gia ya kwanza, ambayo uwiano wake ni zaidi kidogo ya 3.5, ukizidisha na difu unapata karibu 12. Yaani ngurumo ile ile ya 3000 inakupa kilomita 30 tu kwa saa! Rafiki yetu wa kwanza na awaze hapo.

Magari yaliyouzwa Uingereza yalipewa difu nyingine: pinieni ya meno 10 na krauni ya meno 39, yaani 3.9. Rudia hesabu kwa 3000 katika gia ya nne na utapata kilomita 92 kwa saa badala ya 107. Lakini nguvu inayofika kwenye magurudumu imeongezeka kwa asilimia 16 hivi. Gari linapanda mlima vizuri zaidi na kuchomoka upesi zaidi.

Je, Waingereza walikosa mbio? Hapana, na hapa ndipo mimi niliposhangaa. Walipewa pia gia ya tano, yenye uwiano wa karibu 0.86. Zidisha 3.9 kwa 0.86: unapata 3.35. Hiyo ni karibu sawa kabisa na 3.364 ya Wamarekani! Kumbe gia yao ya tano ndiyo gia ya nne ya Mmarekani, na zile nne za chini ni faida ya kupandia milima. Kwa maoni yangu huo ndio mpango bora.

Sasa ile 5600. Mbio za juu za gari hili zilikuwa kilomita 200 kwa saa hivi. Kwa difu ya 3.364, kilomita 200 huhitaji mizunguko 5600 hivi, pale pale nguvu inapofika kileleni. Kwa 3.9 bila gia ya tano, injini ingelazimika kuzunguka mara 6500, imekwisha kupita kilele chake na inapiga kelele bure. Lakini kwenye tope la Safari nani hupata nafasi ya kwenda 200? Huko fundi hutafuta uwiano mkubwa ili gari livute, na mbio za juu anaziacha.

Jambo moja zaidi, kwa anayefikiria kubadilisha difu. Kipima mwendo cha gari kama hili huhesabu mizunguko kwenye giaboksi, si kwenye magurudumu. Ukitoa 3.364 ukaweka 3.9 bila kubadilisha gia ndogo ya kipima mwendo, mshale utasoma 107 nawe unakwenda 92. Ukifanya kinyume utasoma 92 nawe uko 107, na hiyo ni hatari, maana utaingia kona ukidhani umepunguza.

ZOEZI: Difu ina meno 9 na 37, tairi lina mzingo wa mita 2, gia ni ya nne. Injini ikizunguka mara 4000 kwa dakika, gari linakwenda kilomita ngapi kwa saa? Onyesha njia, kwa Kiswahili, kisha uilete chamani Ijumaa.