Mdudu na Mkondo: Kutoka Vijito vya Uluguru hadi Mitaro ya Kariakoo

Mvua za masika zinaponyesha Dar es Salaam, maji hushuka kwa kasi kandokando ya mitaa ya Kariakoo. Huchukua maganda ya machungwa, majani ya migomba na chupa za plastiki, yakaelekea bonde la Jangwani unakopita Mto Msimbazi. Mvua ikikatika, baadhi ya mitaro hukauka na mingine hubaki na maji yaliyotuama. Hazipiti wiki mbili, wakazi huanza kulalamika juu ya mbu.

Mwanafunzi makini atajiuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini mbu hao wametoka katika maji yaliyotuama, wala si katika yale yaliyokuwa yakienda mbio? Pili, je, ni kweli kwamba maji yaendayo kasi hayana wadudu? Katika makala haya tutaanza na swali la pili, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalotufungulia la kwanza.

Maji yaendayo ni makazi

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, na Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru. Tuyafuate basi maji hayo hadi yanakotoka. Huko, vijito hupita juu ya mawe kwa kasi na povu, na mtu asiyezoea angedhani kwamba hakuna kiumbe mdogo awezaye kuishi humo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, nilifundishwa kazi moja rahisi: kuinua jiwe la kijito na kutazama chini yake. Mifano yote ya vitabu ilihusu vijito vya nchi za baridi. Niliporejea nyumbani na kuinua mawe yetu, nilikuta kwamba hapa pia chini ya jiwe kuna mji mzima wa wadudu.

Mkondo una manufaa mengi. Maji yanayoruka juu ya mawe huchanganyika na hewa, hivyo huwa na oksijeni ya kutosha. Mkondo pia huleta chakula bila kukoma na kuondoa uchafu. Lakini faida hizo zina gharama yake. Nguvu ya maji ya kumsukuma mdudu huongezeka kwa mraba wa kasi. Kasi ikipanda kutoka nusu mita kwa sekunde hadi mita moja, nguvu haiwi maradufu tu, bali mara nne. Mdudu asiye na mbinu huchukuliwa.

Mbinu za kuukabili mkondo

Mbinu ya kwanza ni umbo. Maji yanayogusa jiwe hupunguzwa kasi na msuguano, hata yale yaliyo karibu kabisa na uso wa jiwe yakawa kama yamesimama. Tunutu wa jamii ya Afronurus, wapatikanao katika vijito vya Afrika Mashariki, wana miili bapa na miguu iliyotandazwa. Zamani ilielezwa kwamba ubapa huo huwawezesha kukaa ndani ya tabaka hilo tulivu. Leo tunajua kwamba tabaka hilo mara nyingi ni jembamba kuliko mwili wa mdudu mwenyewe. Hivyo ubapa humsaidia kwa njia nyingine pia: humwezesha kujipenyeza katika nyufa na chini ya mawe, mahali ambapo mkondo haumfikii kwa nguvu.

Mbinu ya pili ni ujenzi. Wapo wadudu ambao mabuu wao hutoa uzi wa hariri mdomoni. Baadhi huunganisha chembe za mchanga kwa uzi huo wakajitengenezea nyumba mfano wa mrija, wakaishi ndani yake. Wengine, wa jamii ya Hydropsychidae, hufuma nyavu kati ya mawe na kungoja mkondo uwaletee chakula, kama mvuvi aliyetega wavu wake mlangoni.

Mbinu ya tatu ni kujishikiza, na bingwa wake ni buu wa usubi. Buu huyu hubandika juu ya jiwe kipande kidogo cha hariri, kisha hukishika kwa vikulabu vingi vidogo vilivyopangwa duara mwishoni mwa tumbo lake. Kichwani ana pepeo mbili za kuchujia chakula kutoka majini. Akitishwa hujiachia, lakini hubaki akining'inia kwa uzi wa hariri, na hatari ikipita huupanda uzi huo hadi mahali pake. Buu wa Simulium damnosum huhitaji mkondo wa kati ya nusu mita na mita mbili hivi kwa sekunde. Maji yakisimama, hufa.

Kujua mahali anapojihifadhi mdudu si jambo la vitabuni tu. Usubi hueneza minyoo iletayo upofu wa mtoni, ugonjwa uliowasumbua watu wa Mahenge, Tukuyu, Ruvuma na sehemu za Usambara. Nchini Kenya, wataalamu walitafuta mabuu wa Simulium neavei kwa miaka mingi juu ya mawe na mimea ya mitoni wasiwaone. Mwaka 1950 ndipo ilipotangazwa kwamba wamepatikana juu ya miili ya kaa wa mtoni. Mdudu alikuwa amechagua jiwe linalotembea. Haiwezekani kumdhibiti mdudu ambaye nyumba yake haijulikani.

Mbu ni mgeni wa mkondo

Sasa turudi Kariakoo. Kiluwiluwi cha mbu hakina vikulabu vya kushika jiwe, wala hariri, wala umbo bapa. Zaidi ya hayo, huvuta hewa kutoka juu ya maji. Kile cha Culex huning'inia kichwa chini, kikitokeza mrija wake wa kupumulia juu. Kile cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Mkondo ukipita, humwondoa mahali pake na kumzamisha. Kwa hiyo mtaro ambao maji yake yanakwenda sawasawa ni mahali pabaya kwa mbu.

Hata hivyo, kumbuka jiwe la Uluguru. Mkondo ukikutana na kizuizi, hutokea sehemu tulivu kando yake. Chupa ya plastiki, gunzi la hindi au rundo la mchanga katika mtaro hufanya kazi ileile ya jiwe, na likiwa kubwa huyafunga maji kabisa yakawa bwawa. Tofauti ni kwamba kijitoni sehemu tulivu humhifadhi mdudu aliyeumbwa kwa mkondo, ilhali mtaroni humkaribisha mdudu asiyeuweza mkondo. Takataka moja inaweza kuwa nyumba.

Madhara yake yanajulikana. Culex quinquefasciatus, astahimiliye hata maji machafu, hueneza matende na mabusha. Anopheles hueneza malaria. Uchunguzi wa mitaro ya Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba mitaro ni makazi muhimu ya viluwiluwi vya mbu wa makundi yote mawili. Katika joto la pwani yetu, yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 14. Hivyo mtaro unaozibuliwa kila wiki huwakatiza wengi kabla hawajaota mabawa, na unaozibuliwa mara moja kwa mwaka hausaidii kitu.

Jaribio la darasani

Vifaa: kipande cha bati chenye urefu wa mita moja kilichokunjwa mfano wa mfereji, ndoo ya maji, jiwe dogo, chupa ndogo ya plastiki na machicha ya chai.

1. Inamisha bati kidogo, mimina maji polepole upande wa juu bila kukatiza, na nyunyiza machicha. Tazama yanavyochukuliwa.

2. Weka jiwe katikati ya mfereji. Nyunyiza tena. Machicha mengine yatapita kando, na mengine yatazunguka nyuma ya jiwe na kukawia. Hapo ndipo penye hifadhi.

3. Ondoa jiwe, laza chupa kukingama mfereji. Chora mahali machicha yanapokusanyika na ulinganishe na mchoro wa kwanza.

Ili kupima kasi ya maji katika mtaro wa shule, pima mita 5, dondosha kipande cha ganda la chungwa, na hesabu sekunde. Gawanya umbali kwa muda. Mwalimu awasimamie wanafunzi, na wote wanawe mikono kwa sabuni. Kamwe msiende kupima Msimbazi wakati wa mvua kubwa: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na bonde hilo si darasa wakati huo.

Hitimisho

Hakuna maji yasiyo na mwenyewe. Yakienda, yana wadudu wake; yakisimama, yana wengine. Tunapoamua kuuzibua mtaro au kuuacha, tunaamua pia ni mdudu gani atakayeishi nasi.

Maswali ya marudio

1. Ganda la chungwa limepita mita 6 kwa sekunde 12. Tafuta kasi ya maji. Kwa kuangalia kasi peke yake, je, buu wa Simulium damnosum angeweza kuishi hapo?

2. Kasi ya mkondo ikiongezeka mara tatu, nguvu ya kumsukuma mdudu itaongezeka mara ngapi?

3. Eleza kwa nini kizuizi kimoja chaweza kuwa hifadhi kwa wadudu wawili wenye maisha tofauti kabisa.

4. Tembelea mtaro ulio karibu na shule yako. Chora ramani yake ukionesha sehemu ambazo maji yanakwenda na ambazo yametuama, kisha eleza chanzo cha kila sehemu iliyotuama.