Uchu wa Mjamzito na Usalama wa Chakula Chake

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu katika somo la Bayolojia tulisoma habari za uzazi wa binadamu: jinsi mimba inavyotungwa, jinsi inavyojishikiza katika tumbo la uzazi, na jinsi kondo linavyomlisha mtoto. Mambo hayo yote yamo kitabuni. Lakini lipo jambo moja ambalo kitabu chetu hakikulieleza, ingawa wengi wetu tumeliona nyumbani. Mama mwenye mimba changa huchukia leo chakula alichokipenda jana, akatamani kitu ambacho hakuna aliyemdhania kukitamani. Mmoja hawezi kuvumilia harufu ya kitunguu kikikaangwa. Wa pili huamka usiku wa manane akitaka ukwaju. Wa tatu hutafuna udongo kwa siri. Watu hulifanyia mzaha jambo hili. Mimi naona yafaa tulisome kama somo, maana ndani yake mna afya ya watu wawili.

KWA NINI CHAKULA HUKATALIKA?

Kichefuchefu cha mimba huanza mara nyingi yapata wiki ya 6, na kwa wanawake wengi huisha kabla ya wiki ya 20. Huitwa ugonjwa wa asubuhi, lakini huweza kuja saa yoyote. Zamani wengine walidhani ni deko tu. Sivyo. Mwaka 2023 wataalamu walieleza kwamba homoni iitwayo GDF15, ambayo huongezeka sana katika damu ya mama wakati wa mimba, ni sababu kubwa ya hali hiyo; na mwanamke ambaye damu yake ilikuwa na homoni hiyo kidogo kabla ya kushika mimba ndiye asumbuliwaye zaidi, kwa kuwa mwili wake haukuizoea. Basi anayesema “mimba inakataa samaki” hasemi uongo.

Wapo pia wasemao kwamba mjamzito asipopewa anachotamani, mtoto atakuwa mtu wa kutoka udenda. Udenda wa mtoto mchanga una sababu yake nyingine: mate yake huongezeka kabla hajajua kuyameza vizuri. Kumpa mama anachokipenda ni wema, lakini asitishwe kwa ajili ya mtoto.

UCHU USIO NA MADHARA

Uchu mwingi hauna ubaya. Embe bichi na chumvi kidogo, ndimu, ubuyu, ukwaju, machungwa, vyote vyafaa, mradi vioshwe kwa maji safi na kisu kiwe safi. Tangawizi husaidia kupunguza kichefuchefu, na hata Shirika la Afya Duniani limeitaja katika mashauri yake ya mwaka 2016. Mama ale kidogo kidogo mara nyingi, asingoje tumbo liwe tupu kabisa. Kipande cha mkate mkavu au cha kiazi kitamu kilichochemshwa, akila kabla ya kuinuka kitandani, huwafaa wengi.

UCHU WA UDONGO

Sasa nifike penye jambo zito. Katika masoko yetu mengi huuzwa vipande vya udongo uliokaushwa, na sehemu nyingi za nchi huitwa pemba. Wengine hula udongo wa kichuguu au wa ukuta. Wengine mkaa, mchele mbichi, au barafu. Tabia hii ya kula visivyo chakula ni ya kale na imeonekana katika mabara mengi, na mara nyingi hufuatana na upungufu wa madini ya chuma katika damu. Hasa uchu wa barafu umeonekana kwa watu waliopungukiwa madini hayo, na wengi wao huacha kabisa wakitibiwa.

Dada yangu mkubwa ni mshoni. Likizo ya Desemba mwaka jana nilimkuta ana mimba ya miezi miwili na nusu, amekonda, na akipanda ngazi tatu tu za baraza anahema. Mama mkwe wake alisema ni uvivu wa mimba ya kwanza. Siku moja nilipokuwa nikimtafutia sindano katika mtoto wa meza ya cherehani, niliona mfuko wa pemba, umefungwa vizuri kama fedha. Alininyang'anya akaniambia, “Mdogo wangu, usimwambie mtu. Watanicheka.”

Nilimsindikiza kliniki. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Hakumuuliza, “Je, unakula udongo?” Kama angeuliza hivyo dada angekana. Alisema, “Mwanangu, wajawazito wengi hapa wana kitu wanachotafuna ambacho si chakula. Wewe chako ni kipi?” Dada akaangua kilio, kisha akasema yote. Damu yake ilipopimwa ilikuwa gramu 8.6, na kwa mwenye mimba ya miezi hiyo yatakiwa isipungue 11.

Muuguzi alitueleza hivi. Udongo ukifika tumboni huweza kunasa madini ya chuma ya chakula na ya vidonge, yakatoka bila kuingia katika damu. Huweza kuwa na mayai ya minyoo. Tena huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hupita katika kondo na kudhuru ubongo wa mtoto. Dada akauliza, “Na ule uliochomwa motoni je?” Akajibiwa kwamba moto huua mayai ya minyoo, lakini risasi haiui.

Alipewa vidonge vya kuongeza damu. Wengi huvitupa kwa sababu hufanya choo kuwa cheusi na kigumu, na wakati mwingine huchafua tumbo. Choo cheusi kwa sababu ya vidonge hivyo si ugonjwa. Akashauriwa avimeze usiku baada ya kula kidogo, pamoja na chungwa au maji ya ndimu, maana vitamini C husaidia chuma kuingia katika damu. Wala asivimeze kwa chai, maana chai huzuia. Baada ya wiki 6 damu yake ilikuwa gramu 10.4, na hamu ya udongo ilikuwa imempungua. Mwezi wa Juni alijifungua mtoto wa kike mwenye kilo 3.1.

MAADUI WA AINA MBILI

Jawabu lile la muuguzi juu ya moto lilinifanya nitafakari sana, nikaona kwamba hatari za chakula zaweza kupangwa katika mafungu mawili. Mwanafunzi akiyashika mafungu haya hatahitaji kukariri orodha ndefu.

Fungu la kwanza ni maadui wenye uhai: vijidudu na minyoo. Hawa hufa kwa moto. Maziwa mabichi, na mtindi uliogandishwa bila kuchemsha maziwa, huweza kuleta homa ya brusela, ambayo huweza kuharibu mimba. Nyama isiyoiva, kama mshikaki ulio mwekundu ndani, huweza kuwa na kimelea cha toksoplasma. Nacho hupatikana pia katika kinyesi cha paka, kwa hiyo mboga za bustanini zioshwe sana, na mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Mayai yapikwe mpaka kiini kigande. Kiporo kipashwe moto mpaka kitoe mvuke wote, si juu tu.

Katika fungu hili yumo adui mmoja mjanja, aitwaye listeria. Vijidudu vingine hulala katika baridi, lakini huyu huendelea kuzaana hata ndani ya jokofu. Afrika Kusini katika miaka ya 2017 na 2018 alizuka katika soseji nene iliwayo baridi, iitwayo polony. Waliougua walipita 1,000, na waliokufa walipita 200. Na wengi miongoni mwa wagonjwa walikuwa watoto wachanga walioambukizwa na mama zao. Mama mwenyewe huweza kuona homa ndogo tu, kumbe mtoto ameumia. Basi mjamzito asidhani kwamba kitu kilichotoka katika jokofu ni salama kwa kuwa ni baridi.

Fungu la pili ni sumu zisizo na uhai. Hizi haziogopi jiko. Risasi nimekwisha kuitaja. Ya pili ni sumukuvu, itokayo katika ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa mashariki, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na walikuwa wameyapika kama kawaida. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye ladha chungu itupwe; kuikaanga hakuiponyi. Ya tatu ni zebaki, ambayo hujikusanya katika samaki wakubwa walao samaki wenzao, kama papa na nduaro. Dagaa na vibua hawana shida hiyo kwa kiasi kikubwa, tena ni rahisi kununua. Ya nne ni pombe: hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni, iwe ya dukani au ya kienyeji.

Na muhogo? Muhogo mbichi na pilipili ni kitu wanachokitamani wengi. Aina chungu ina sumu ya sayanidi, na kwa macho si rahisi kuitambua. Afadhali uchemshwe vizuri, na pilipili itiwe baadaye.

KILICHO KIZURI KIKIPITA KIASI

Maini yana chuma kingi, na watu humshauri mwenye upungufu wa damu ale maini. Ni shauri jema, lakini si kila siku, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi katika miezi ya mwanzo huweza kumdhuru mtoto. Chai na kahawa nazo zipungue, zisinywewe pamoja na chakula bali saa moja au zaidi baadaye.

Vyakula vya kupendelea havina gharama kubwa: mchicha, matembele, kunde, choroko, maharage, dagaa, mayai, na tunda la msimu. Katika baadhi ya jamaa zetu mjamzito hukatazwa mayai. Katazo hilo halina msingi katika elimu ya afya, nalo humnyima mama chakula cha kujenga mwili kilicho karibu sana naye.

Yafaa pia kukumbuka jambo hili: mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Siku hizo mama wengi hawajajua kwamba wana mimba. Ndiyo sababu wataalamu husema mwanamke anayetazamia kupata mtoto aanze mapema asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, asingoje tumbo lionekane. Na kliniki aende kabla ya kutimiza wiki 12.

LINI KUKIMBILIA HOSPITALI?

Kichefuchefu cha kawaida huchosha, lakini chakula kidogo hubaki tumboni. Mama akitapika hata maji, mkojo ukawa kidogo na wa rangi nzito, akaona kizunguzungu asimamapo, au akawa anakonda upesi, huyo si wa kupewa ndimu tena. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akipata homa, au akitokwa na damu, au maumivu makali ya tumbo.

NENO LA MWISHO

Wenzangu wavulana huenda wakasema somo hili si lao. Nani atakayenunua karanga hizo, na nani atakayetoa nauli ya kliniki? Na sisi wasichana wa bweni tusijifanye tuko mbali nalo. Wamo miongoni mwetu wanaotafuna pemba na mchele mbichi baada ya taa kuzimwa. Msichana wa rika letu hupoteza damu kila mwezi, naye huweza kupungukiwa na chuma bila mimba yoyote. Mwenye uchu huo asichekwe; aende kwa muuguzi wa shule apimwe damu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yule muuguzi alimtibu dada yangu kwa vidonge, lakini kabla ya vidonge alimwondolea aibu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja hatari mbili za chakula zinazoondoka kwa moto, na mbili zisizoondoka.
2. Kwa nini jokofu halitoshi kumkinga mjamzito na listeria?
3. Kwa nini vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji ya ndimu wala si kwa chai?
4. Mtu akisema, “Udongo huu umechomwa, hauna neno,” utamjibu nini?
5. Dada yako akikuambia kwamba anakula udongo, neno lako la kwanza kwake litakuwa lipi?